Kumfuata Fundi wa Uskoti, Sensa kwa Sensa

Anayemtafuta fundi wa Uskoti wa karne ya 19 huanza na sensa ya Juni 1841. Majina yamo, kazi zimo, lakini umri ni wa kuutilia shaka: kwa waliopita miaka 15, kwa kawaida ulishushwa hadi tano ya karibu, hivyo mwashi wa miaka 39 akaandikwa 35. Wala haisemi nani mke, nani dada, nani mpangaji.

Mwaka 1851 mambo yanafunguka. Uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya unatajwa, na parokia aliyozaliwa pia. Mwenye karakana huandikiwa idadi ya watu aliowaajiri, na mara nyingine vijana wanaojifunza kazi kwake wanahesabiwa pamoja na wanawe. Sensa ya 1861 ikaongeza swali zuri kuliko yote: nyumba ina vyumba vingapi vyenye dirisha? Jibu likiwa kimoja, na chini yake kuna majina manane, msomaji anayaona maisha yenyewe.

Kaya nyingine hutoweka. William Carnegie alikuwa mfumaji wa kitani mjini Dunfermline. Mashine za mvuke zilipomnyima kazi, mwaka 1848 alihamia Marekani na mkewe Margaret na wana wao wawili, mmoja wao Andrew, tajiri wa baadaye wa viwanda vya chuma. Kuwatafuta Uskoti mwaka 1851 ni kazi bure.

Kwa waliobaki Uskoti, vyeti husaidia. Tangu 1855, cheti cha kifo cha Uskoti huandikwa majina ya wazazi wote wawili, pamoja na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa.