Wakili Harcourt na Suala la Uganda

Mpaka wa Mutukula, kaskazini ya Bukoba, ni kazi ya mabeberu. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana nchi zetu kwa mstari wa latitudo ya 1 kusini. Mwaka 1892 mabishano yakazuka London: Uganda ishikwe au iachwe?

Sir William Harcourt, Waziri wa Fedha, alitaka iachwe. Yeye alianza uwakili mwaka 1854, akaingia Bungeni mwaka 1868, akafundisha sheria za kimataifa Cambridge. Je, alikuwa mtetezi wa Mwafrika? La. Alichohofia hasa ni gharama. Rosebery, Waziri wa Mambo ya Nje, alimshinda, na mwaka 1894 Uganda ikatangazwa himaya ya Waingereza. Harcourt hakujiuzulu. Mwaka 1910 mwanawe, Lewis, akawa Waziri wa Makoloni.

Tunajifunza nini? Kwamba mabepari wanaweza kugombana juu ya bei ya ukoloni bila kuupinga ukoloni wenyewe. Kwa hiyo kada asipime mwanasiasa kwa hotuba zake tu. Aulize: nani analipa, nani anafaidi, na nani hakuulizwa? Katika baraza lile la mawaziri hapakuwa na Mwafrika hata mmoja.