Pumziko Kando ya Ziwa: Si ya Matajiri Tu

Ni lini ulikula asubuhi pamoja na bibi yako na watoto wote, bila mutu kuangalia saa? Katika miji yetu ya migodi, baba anatoka kazini usiku na kulala muchana. Mama anaamka mapema kwenda sokoni. Watoto wanajua baba yao kwa sauti ya kukoroma tu! Kisha konje inafika, na kila mutu anashika njia yake. Hivi ndivyo jamaa inakuwa kama wapangaji wa nyumba moja.

Utasema: «Kulala kando ya ziwa ni mambo ya mapatron.» Hapana. Siku mbili katika nyumba ndogo ya majani inaweza kufaa jamaa yako kuliko redio mupya.

Maziwa yaliyozaliwa na kazi yetu

Hauna lazima ya kufika Tanganyika. Ziwa Tshangalele lilitokea wakati mto Lufira ulifungwa kule Mwadingusha, karibu mwaka 1930, ili umeme ufike kwenye viwanda vya shaba vya Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati ule. Miaka ya 1950, Lualaba nayo ilifungwa kule Nzilo, upande wa kaskazini wa Kolwezi. Maziwa haya ni jasho la wazee wetu. Mbona wajukuu wao wasiyaone?

Kama unatoka Lubumbashi, fika Kapolowe-Gare, kisha uache barabara kubwa na kushika njia ya ziwa. Watu wa Kolwezi wako karibu na Nzilo.

Namna ya kupanga

Feza nyingi inaliwa na safari, si na kitanda. Basi, unganeni jamaa mbili na kulipa motokari moja. Fanyeni likelemba miezi mine au mitano mbele. Lakini usiguse feza ya minervali, wala usikope!

Mbele ya kutoka, uliza mwenye nyumba: Bei ni ya mutu ao ya nyumba? Choo iko? Mayi ya kunywa inatoka wapi? Nani analinda usiku? Uliza pia bei ya siku za kazi, ju mara nyingi siku ya posho na siku ya Mungu zinapita zingine kwa bei.

Bebeni unga, maharagi, mafuta, makala na musikitere. Wakati wa kipwa, tangu mwezi wa tano mpaka wa kenda, njia ni kavu, na watoto wako na vakansi mwezi wa saba na wa nane. Lakini baridi ya usiku ni kali: musisahau mablanketi.

Muangalie mayi

Musinywe mayi ya ziwa. Mito inayopita karibu na viwanda vya Likasi inashuka katika Lufira, na wachunguzi walikuta kobalti nyingi katika samaki wa Tshangalele. Kuchemusha mayi kunaua vidudu, lakini hakuondoe madini. Bebeni mayi yenu katika bido.

Tena, watoto wasiogelee penye majani mengi na mayi ya kusimama. Ni pale konokono za bilarizia zinakaa, ugonjwa unaoleta damu katika mikojo. Na mbele ya kupanda mutumbwi, sikilizeni wavuvi: wao wanajua upepo na mamba.

Ninyi wawili

Baba na mama, mukiweza, mara moja muache watoto kwa nyanya yao na muende wawili tu. Siku ya kwanza mutasema juu ya deni na bei ya unga. Musishangae. Siku ya pili, bibi yako atakuambia neno ambalo alilichunga tangu miezi mingi, ju hakukukuta ukiwa macho. Kwa neno lile moja, safari imekwisha kulipa.

Kijana unayesoma hapa, peleka ukurasa huu kwa wazazi wako. Na wewe baba, leo magaribi tafuta kikopo tupu, toboa kifuniko, na utie noti ya kwanza mbele ya watoto wote.