Je, Wajua? Kuna Jamii ya Msonobari Inayopukutisha Majani

Miti mingi ya jamii ya misonobari, ukiwamo mwangati wa Usambara, hubaki kijani mwaka mzima. Metasekwoya ya China haiko hivyo: majani yake hugeuka rangi ya kutu, kisha hupukutika yote majira ya baridi. Mwaka 1941 Mjapani Shigeru Miki aliipa jina kutokana na visukuku tu. Miti iliyo hai ikaja kutambuliwa China, na mwaka 1948 mbegu zikasambazwa ng'ambo. Sasa hupamba bustani kubwa, na hupita mita 30.

Hapa Mkumbara, chini ya milima ya Usambara, usiihangaikie. Inataka baridi na udongo wenye maji. Hapa ni joto na mkonge. Hata mwangati uliopita hapa haukuota hapa! Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliteremsha magogo yake kutoka Shume, juu milimani, yakining'inia kwenye waya wa kilomita zipatazo 9, hadi reli ya Mkumbara. Mbao zake hufaa hata kwa penseli.

Mwenye kiwanja huko juu milimani Lushoto apande mwangati, mbali na nyumba: hurefuka mno.