Reli Iliijenga Kilosa, Lami Ikaikuza Mikumi

Miji hufuata riziki, na riziki hufuata njia. Reli ya Kati ilipopita Kilosa, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mji ulichangamka. Mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba yalivuta vibarua kutoka mbali. Wenye maduka wakawafuata wenye mishahara.

Kisha nyuzi za plastiki zikaporomosha bei ya mkonge. Mashamba mengi yakageuka vichaka, na mji ukabaki na majengo makubwa kuliko biashara yake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yaliharibu hata reli yenyewe.

Mikumi ilikua kwa njia nyingine. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Zambia ikapata lami. Leo malori na mabasi ndiyo yanayolisha migahawa, gereji na nyumba za wageni, na njia panda ya Kidatu inaelekea kwenye viwanda vya sukari vya Kilombero.

Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa. Kituo peke yake hakitoshi: wilaya ipime viwanja na kuvutia viwanda sasa, kabla vijana hawajapanda treni hiyo kwenda Dar es Salaam.