Kuuza Kazi ya Mikono Kwenye Maonyesho: Unadaiwa Nini, na Nani Anakudai

Maonyesho yanapokaribia, vyondo vya mkonge, vinyago vya Wamunyu, shanga, vyungu na sabuni za kujitengenezea hupakiwa kwenye magunia na kupelekwa viwanjani. Langoni, mwenye bidhaa hukutana na madai mengi: kibali, ada ya nafasi, ushuru, PIN. Kuna wanaolipa wasichodaiwa kwa kuogopa kunyang'anywa mali. Wengine hawalipi wanachodaiwa kwa kutojua, na faini huongezeka kimyakimya. Makala haya yanaeleza kila dai ni la nani.

Mifuko miwili

Katiba ya 2010 imetenganisha kazi hizi. Kwa mujibu wa Kifungu cha 209, ushuru wa mapato na ule wa VAT ni wa Serikali ya Kitaifa, na hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru (KRA). Serikali ya Kaunti hutoza ada za huduma zake. Jedwali la Nne nalo limeipa kaunti usimamizi wa masoko na leseni za biashara.

Kwa hivyo afisa wa mapato wa kaunti hakusanyi VAT wala ushuru wa mapato kibandani pako. Kibali cha kaunti nacho si uthibitisho kwamba umemalizana na KRA. Aliye na kimoja bado anaweza kudaiwa kingine.

Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni inayoweza kutozwa bila sheria. Kwa kaunti, viwango huwekwa katika Sheria ya Fedha inayopitishwa na Bunge la Kaunti baada ya wananchi kushirikishwa. Ukitajiwa kiwango usichokijua, una haki ya kuuliza kimeandikwa wapi.

Kibali cha biashara

Ukiwa na duka, karakana au kibanda cha kudumu, unahitaji kibali cha biashara cha kaunti. Ada hutegemea aina na ukubwa wa biashara. Mchongaji anayefanya kazi peke yake hawekwi daraja moja na duka kubwa la mjini. Hakikisha aina iliyoandikwa kwenye kibali chako inalingana na kazi unayoifanya, kwa maana ukiwekwa daraja lisilo lako utalipa zaidi kila mwaka. Angalia pia tarehe ya mwisho ya kibali.

Kibali hutolewa kwa biashara mahali ilipo. Ukienda kuuza Nairobi, Kitui au Makueni, utafuata ada za kaunti hiyo hata kama umeshalipa Machakos.

Anayesuka nyumbani na kuuza siku ya soko tu, kwa mfano Tala au Masii, kwa kawaida hulipa ada ya soko ya siku hiyo. Kabla ya kuanza kuuza mara kwa mara, uliza ofisi ya mapato ya kaunti ndogo yako iwapo unahitaji kibali cha mwaka.

Ada ya kibanda si ushuru

Pesa unazompa mwandaaji wa maonyesho, liwe ni shirika, kanisa au kampuni, ni kodi ya nafasi. Hazichukui mahali pa ada ya kaunti ila kama mwandaaji amelipia wauzaji wote. Muulize mapema, na akisema amelipa, omba nakala ya barua au risiti uende nayo.

Kila malipo yawe na risiti rasmi yenye nambari, tarehe, kiasi na sababu ya malipo. Usimpe mtu pesa taslimu mkononi bila risiti, hata akiwa amevaa sare. Pesa hizo hazijulikani kwa kaunti, na kesho utadaiwa tena.

Ushuru wa mauzo

Wengi hudhani kila kinachouzwa kwenye maonyesho lazima kikatwe ushuru. Inategemea mauzo yako ya mwaka mzima.

Mauzo yakiwa hayazidi Sh1 milioni kwa mwaka, hulipi ushuru wa mauzo ghafi, maarufu kama TOT. Faida yako bado ni mapato, lakini mkazi ambaye mapato yake yote ya mwaka hayazidi Sh288,000 hufutiwa ushuru huo na nafuu ya kibinafsi. Mwenye PIN anatakiwa kuwasilisha taarifa ya mwaka kufikia 30 Juni, hata kama hadaiwi chochote. Akichelewa, faini ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa.

Mauzo yakizidi Sh1 milioni bila kupita Sh25 milioni, TOT inakuhusu. Tangu 1 Julai 2023 kiwango ni asilimia 3. Hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukiuza vyondo vya Sh110,000 kwa mwezi, utalipa Sh3,300. Hesabu hiyo ni ya mauzo yote, si ya faida. Hutoi gharama ya mkonge, nauli wala kibanda. Kama faida yako ni ndogo sana, unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA ukiomba kutozwa ushuru wa kawaida wa faida, ila hapo lazima uwe na rekodi za gharama.

VAT, ambayo ni asilimia 16, humhusu anayeuza bidhaa zinazotozwa VAT za Sh5 milioni au zaidi kwa mwaka. Kama hujasajiliwa kwa VAT, huruhusiwi kuiongeza kwenye bei ya mteja.

Mauzo ni mauzo, yawe ya pesa taslimu au ya M-Pesa.

Vikundi, kuweni macho

Vikundi vingi vya wasusi hutuma mwenzao mmoja akauze kwa niaba ya wote. Tuseme wanachama 12 wanauza vyondo vya Sh100,000 kila mmoja kwa mwaka, na pesa zote zinaingia kwenye simu ya mwenyekiti. Rekodi zitaonyesha kwamba mama huyo ameuza Sh1.2 milioni, ilhali sehemu yake ni Sh100,000 tu. Akiulizwa na KRA bila daftari, atajieleza vipi?

Sajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Chukueni PIN ya kikundi, fungueni akaunti kwa jina lake, na muandike nani ameleta vyondo vingapi na amelipwa kiasi gani.

Bidhaa zenye masharti zaidi

Sabuni na mafuta ya kujipaka huhitaji alama ya ubora ya KEBS. Wachongaji wanaosafirisha magogo au mbao wanahitaji kibali cha Huduma ya Misitu (KFS). Pembe za ndovu haziuzwi kabisa, na mapambo ya ngozi au mifupa ya wanyamapori hayaguswi bila kibali cha Huduma ya Wanyamapori (KWS).

Wanaovuka mpaka, kwa mfano kwenda kwenye maonyesho ya Jua Kali ya Afrika Mashariki, wana nafuu. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliotengenezwa ndani ya Jumuiya na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, hautozwi ushuru wa forodha ukiwa na cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachopatikana mpakani.

Kabla ya kufunga mzigo

1. Beba kitambulisho, nakala ya kibali kama unacho, na PIN. Huduma Centre ya Machakos husaidia wanaotaka PIN.
2. Muulize mwandaaji ada ya kaunti imelipwa na nani.
3. Kampuni au hoteli ikitaka kununua kwa wingi, itahitaji ankara ya eTIMS. Piga *222# au ulize KRA mapema, usije ukakosa oda kwa ajili ya karatasi.
4. Kila jioni andika ulichouza na ulichotumia. Daftari la shule linatosha.

Ukidaiwa ada usiyoielewa, usigombane langoni. Omba risiti, andika jina la afisa na saa, kisha ufike katika ofisi ya kaunti ndogo yako. Kwa mambo ya TOT, VAT na PIN, nenda KRA.