Yazd: Mji wa jangwani ulioishi kwa maji yasiyoonekana

Mgeni anayefika Yazd, katikati ya Iran, hukutana kwanza na udongo. Kuta ni za udongo, mapaa ni ya udongo, na vichochoro vinapita kati ya kuta ndefu zisizo na madirisha. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 100. Dodoma, ambayo sisi tunaiita kame, hupata zaidi ya milimita 500.

Hata hivyo, watu wameishi hapa kwa karne nyingi. Marco Polo, msafiri kutoka Venice, aliukuta mji huu karne ya 13 ukiwa na biashara nzuri ya vitambaa vya hariri. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mji mkongwe wa Yazd katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Je, waliwezaje kuishi katikati ya jangwa?

Kwa nini uhitaji mwenyeji wa kukuongoza?

Vichochoro vya Yazd vimepinda kwa makusudi, ili vivunje nguvu ya upepo wenye mchanga na kutoa kivuli mchana kutwa. Mgeni akiwa peke yake hupotea haraka. Lakini hasara kubwa zaidi ni kupita mbele ya jambo bila kulitambua.

Chukua mfano wa milango ya mbao ya nyumba za zamani. Mlango mmoja una vyuma viwili vya kupigia hodi. Kimoja ni kizito, cha wanaume, na kingine ni pete nyepesi, ya wanawake. Aliyekuwa ndani alisikia mlio na kujua kama anayebisha ni mwanamume au mwanamke, hivyo akajulikana nani aende kufungua. Bila kuelezwa, utaona vyuma tu.

Ndiyo maana wageni wengi humkodi mwongozaji wa mjini humo. Ni vyema kupatana naye mapema: bei ni kiasi gani, mtatembea saa ngapi, na viingilio analipa nani. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo matembezi huanza asubuhi na mapema. Mwongozaji pia atakueleza adabu za mahali: mavazi ya msikitini, na jinsi ya kuingia katika hekalu la moto la Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi ambao bado wanaishi Yazd.

Qanat ni kitu gani?

Katika Msikiti wa Ijumaa wa Yazd, wageni huinua macho kutazama minara miwili yenye urefu wa karibu mita 50. Mwongozaji anayeijua kazi yake atakuonyesha pia ngazi zinazoshuka chini ya ardhi. Huko chini ndiko unakopita mfereji wa Zarch, mmoja kati ya mirefu zaidi duniani ya aina yake, wenye zaidi ya kilomita 70. Mfereji wa namna hii huitwa qanat.

Kusini-magharibi mwa Yazd upo mlima Shir Kuh, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,000. Theluji yake ikiyeyuka, maji huzama ardhini. Watu wa kale walichimba kisima kirefu karibu na milima mpaka wakayafikia maji hayo. Hicho ndicho kisima mama. Kisha wakachimba njia ya chini kwa chini, wakianzia upande wa makazi na kupanda taratibu kuelekea kwenye kisima.

Ugumu upo kwenye mteremko. Ukizidi, maji hukimbia na kubomoa kuta za njia. Ukipungua, hayafiki. Ukiwa sawa, maji hutembea yenyewe hadi mjini na mashambani, bila pampu wala mafuta, na jua haliyakaushi njiani. Juu yake kuna mstari wa mashimo ya wima, ya kutolea udongo na kuingizia hewa.

Wachimbaji huitwa muqanni. Hutumia sururu fupi, ndoo na kamba, na zamani waliingia na taa ya mafuta. Taa ikififia, walijua hewa imekwisha na watoke mara moja. Huvaa nguo nyeupe, na wenyeji husema sababu ni mbili: mtu aonekane gizani, na udongo ukimwangukia awe tayari amevaa sanda.

Maji yaligawanywaje?

Maji yakitoka juu, kila mkulima alikuwa na zamu. Walipima muda kwa bakuli dogo la shaba lenye tundu chini, lililowekwa juu ya maji ndani ya chombo kikubwa. Bakuli lilijaa polepole mpaka likazama. Kila lilipozama ilihesabiwa mara moja, likainuliwa na kuanza upya. Aliyekuwa na haki ya bakuli kumi alipata kumi, hata kama jirani yake ni tajiri. Mtu aliyeaminiwa na wote alikaa kuhesabu, usiku na mchana.

Maji hayohayo yalisaidia kupoza nyumba. Juu ya mapaa kuna minara ya upepo iitwayo badgir. Mnara hunasa upepo wa juu na kuushusha ndani, huku hewa ya moto ikitolewa. Pale upepo unapopita juu ya bwawa au mfereji, chumba hupoa zaidi. Mnara wa bustani ya Dowlatabad una mita 33 hivi, na ni miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Neno letu bustani nalo asili yake ni Kiajemi.

Kimeharibika nini?

Katikati ya karne ya 20 zilikuja pampu za injini na visima virefu. Mkulima mwenye pampu hakuhitaji zamu tena wala kusubiri bakuli lizame. Visima vilipoongezeka, maji ya ardhini yalishuka chini kuliko njia za qanat, na nyingi zikakauka. Katika baadhi ya sehemu za uwanda wa Yazd, ardhi yenyewe imetitia.

Leo Yazd hupata sehemu ya maji yake kwa bomba kutoka jimbo jirani la Isfahan, ambako nako mto umekuwa ukikauka. Mwaka 2013 wakulima wenye hasira wa Isfahan waliharibu mitambo ya bomba hilo, na uharibifu kama huo umetokea tena baadaye. Mji uliojifunza kugawana maji kwa bakuli sasa umo katika ugomvi wa maji na majirani zake.

Kwa hiyo, ukipata nafasi ya kutembea Yazd na mwenyeji, mwombe akuonyeshe qanat mbili: iliyo hai na iliyokauka. Iliyo hai hutoa kile ambacho mlima umeweka akiba, wala haiwezi kuvuta zaidi. Pampu huvuta kadiri mwenye pampu anavyotaka.

Nasi tusiofika huko tuna la kuuliza hapa nyumbani, hasa pale visima vya mashine vinapoongezeka kijijini. Nani anapima kina cha maji kila mwaka? Na kikianza kushuka, nani ana mamlaka ya kusema basi, sasa tupange zamu?