Kabla ya kubadili rimu na matairi, piga hesabu ya mzigo

Magari mengi madogo yanayotoa mazao yetu shambani kwenda sokoni ni mitumba kutoka Japani. Baadhi yake, hasa yaliyotumika maeneo ya theluji kama kisiwa cha Hokkaido, hufika yakiwa na matairi ya majira ya baridi. Mnunuzi huona kashata bado nene, akafurahi kwamba ameokoa fedha ya matairi, na wiki hiyohiyo akapakia nyanya au viazi.

Wengine huenda mbali zaidi. Huvua rimu za chuma zilizokuja na gari na kufunga za sport za dukani kwa sababu zinapendeza. Maamuzi haya mawili yanagusa mtaji na uhai wa mfanyabiashara, hivyo ni vyema kuyafanyia hesabu.

Tairi la theluji si la lami ya moto

Tairi la majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini hata joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Ulaini huo ndio unaolishika barafu. Kwenye lami ya moto ya Dodoma au Morogoro, mpira huohuo huisha upesi, gari huyumba likiwa na mzigo, na breki huchukua umbali mrefu zaidi kulisimamisha. Hata Njombe na Makete, ambako Juni na Julai baridi ni kali, theluji haipo na jua la mchana hupasha barabara.

Kulitambua si kazi. Tazama ubavuni kama kumeandikwa STUDLESS, au kuna picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kashata zake pia zina mikato mingi myembamba kama ya wembe. Herufi M+S peke yake si ushahidi, kwani huwekwa pia kwenye matairi mengi ya kawaida ya magari ya juu.

Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo.

Rimu ina vipimo vyake

Katika nchi za theluji, wenye magari wengi huwa na seti mbili za magurudumu. Seti ya baridi mara nyingi hufungwa kwenye rimu ndogo kidogo, yenye tairi la ubavu mrefu, kwa kuwa ni nafuu na huhimili mashimo vizuri zaidi. Kwa barabara zetu za vijijini hoja hiyo ina uzito. Rimu kubwa yenye tairi jembamba la ubavu hupinda au kupasuka kwenye mashimo. Lakini ukishuka ukubwa kupita kiasi, rimu itagonga breki.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo haya:

Kwanza, idadi ya matundu na nafasi yake. Probox na Corolla nyingi za zamani zina matundu manne kwenye duara la milimita 100. Noah na RAV4 zina matano kwenye milimita 114.3. Usikubali kulazimisha.

Pili, tundu la katikati. Likiwa dogo rimu haiingii; likiwa kubwa inahitaji pete ya kujazia ili ikae sawasawa, la sivyo usukani utatetemeka.

Tatu, kina cha rimu, kinachoandikwa ET. Rimu inayochomoza nje huongeza mzigo kwenye beringi na huweza kusugua bodi gari likipakiwa.

Nne, nati. Toyota nyingi zenye rimu za aluminiamu za kiwandani hutumia nati bapa zenye washa, wakati rimu nyingi za dukani zinataka nati za koni. Ukichanganya, nati hazitashika vizuri na gurudumu linaweza kuchomoka njiani. Mwambie fundi azikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Hesabu ya mzigo na fedha

Namba inayosahaulika zaidi ni ya uwezo wa kubeba. Tairi la 195/65R15 lenye namba 91 hubeba kilo 615. Lenye namba 85 hubeba kilo 515. Kwa matairi mawili ya nyuma tofauti ni kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi ya kilo 100. Ukishusha namba hiyo huku ukipakia kama zamani, tairi litapata moto na kupasuka, mara nyingi ukiwa kwenye mwendo.

Sasa upande wa fedha. Tuseme tairi jipya linauzwa Sh180,000 na kutembea kilomita 40,000, wakati la mtumba ni Sh70,000 na huisha baada ya kilomita 10,000. Jipya linakugharimu Sh4.50 kwa kilomita, la mtumba Sh7. Kwa magurudumu manne na kilomita 2,000 kwa mwezi, la mtumba linakula Sh20,000 zaidi kila mwezi, sawa na Sh240,000 kwa mwaka. Hapo hujahesabu pancha, wala nyanya zilizooza ukisubiri msaada njiani.

Weka bei za mji wako kwenye hesabu hiyo uone jibu lako. Kwa asiye na fedha za matairi manne kwa mpigo, aanze na mawili yanayolingana, ayafunge nyuma, kwani nyuma kukiteleza gari hugeuka. Rimu za chuma zilizokuja na gari, kama hazijapinda wala kupasuka, aziache zifanye kazi. Fedha ya urembo inunue mbegu.